Makopo Saba ya Mwanaisha

Mwanamke anayehamishwa na serikali hubeba kinu kwanza. Halafu sufuria, godoro, na kuku waliofungwa miguu. Mwanaisha aliposhuka kwenye lori la Operesheni Vijiji alikuwa na makopo saba ya maziwa ya unga, na ndani ya kila kopo kulikuwa na mmea. Kinu alikiacha huko alikotoka, pembeni ya msitu. Hapo hapo nikajiambia: Raheli, mtazame vizuri huyu.

Sijifichi, mimi ni mtu wa kushuku. Chumvi ya dukani naionja kabla ya kuilipia, na mtu akinisifia mboga zangu naziosha mara mbili. Mume wangu, Tobia, husema mvua ikinyesha natoka nje kuangalia nani kaileta. Na aseme. Miaka thelathini ya ndoa, hajawahi kula kitu kibovu nyumbani kwangu.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwezi wa kumi. Kijiji chetu huku milimani Lushoto, juu ya Kwai, kilikuwa kimepangwa mistari mitatu ya nyumba. Zamani kati yangu na jirani kulikuwa na shamba zima la migomba, na nikitaka kumwona mtu lazima nivae viatu. Sasa nyumba zilikuwa hatua kumi kumi, dirisha kwa dirisha, mtu akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Sisi wenyeji tulikuwa mstari wa juu, kwenye jua na karibu na bomba. Mstari wa chini, kule bondeni kwenye ukungu, ulikuwa bado miti mitupu na nyumba nne zisizokandikwa vizuri.

Mwanaisha alikuwa mjane, na binti yake Asha, wa miaka minane, alikuwa na pumu. Kwa hiyo kamati ya kijiji ikampa nyumba ya juu, ile iliyobaki wazi karibu na yangu, ili mtoto apate jua. Sikupinga. Mtoto ni mtoto. Ila yale makopo aliyapanga yote saba dirishani, upande wa kwangu.

Asubuhi yake nikaenda kumjulia hali.

"Shikamoo, Mama Kristofa," akasema. Alikwisha kuuliza jina la mwanangu wa kwanza. Nalo hilo nikalishuku.

"Marahaba, Mama Asha. Umeamkaje? Na haya makopo ni ya nini?"

"Ni maua tu, mama. Marehemu baba Asha alikuwa kibarua wa misitu. Kila akirudi kutoka porini alikuwa ananiletea moja."

"Ya dawa?"

"Ya kutazama."

Ya kutazama! Nikayatazama basi. Majani ya duara, manene, yenye manyoya kama sikio la ndama, na maua madogo ya zambarau yenye vitone vya njano katikati. Nilikuwa nayajua. Yanaota kwenye miamba yenye unyevu kando ya vijito, na tangu utotoni tukienda kuokota kuni tunayapita bila kuyasemesha. Sijawahi kuona Mshambaa aliyeyaingiza ndani ya nyumba. Mwalimu Sefania aliniambia Wazungu wanayapenda sana, huko kwao wanayaweka madirishani. Nikamjibu kwamba Wazungu wanalala na mbwa vitandani pia.

Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mimi nilikuwa na mbwa na paka. Mbwa ni Popi, mzee, kazi yake kuwabwekea nguruwe wa shambani na kuiba mifupa. Paka aliitwa Bwana Shauri, maana alikuwa akikaa mlangoni mikono imekunjwa, akisikiliza kesi ya kila anayepita. Mahindi yangu ya mbegu yako darini juu ya meko, na bila Bwana Shauri panya wangekuwa wameshayamaliza. Lakini si hilo tu. Watoto wangu wote wameondoka, Tobia anakoroma, na yule paka alikuwa analala miguuni kwangu. Nilimpenda. Mtu akicheka na acheke.

Wiki haikuisha nikamwona Bwana Shauri dirishani kwa Mwanaisha, anatafuna jani. Anatafuna, anatema, anatafuna tena. Nikapiga kelele mpaka kuku wakaruka.

"Mama Asha! Hilo jani lina nini?"

Akatoka na unga mikononi. "Halina kitu, mama. Mbuzi wangu aliwahi kumaliza makopo mawili, na alizaa vizuri tu."

"Mbuzi hula hata sabuni!"

"Basi nitayasogeza ndani."

Akayasogeza ndani. Mimi nikajiuliza, kama hayana kitu, mbona anayaficha?

Sasa niseme kuhusu kazi yangu kanisani, maana bila hiyo hakuna atakayenielewa. Mimi ndiye mwenye maua. Miaka kumi na minane nimepamba madhabahu ya kanisa letu la Kilutheri, na Pasaka ndiyo yenyewe. Tuna maua meupe, marefu, yenye mdomo kama tarumbeta, ambayo masista wa misheni waliwaachia mama zetu. Sisi tunayaita maua ya Pasaka. Huku kwetu masika yakiwa na hasira, ukungu na mvua ya mawe vinayararua yakiwa bado shambani. Ndiyo maana sisi wanawake wa milimani tuna utaratibu wetu: Jumapili ya Matawi tunayakata yakiwa machipukizi, tunayatia kwenye ndoo za maji, na tunayaweka ndani ya nyumba, karibu na meko, yapate joto. Mpaka Jumamosi yanakuwa yamefunguka yote, na nyumba nzima inanukia. Vumbi lao la njano huingia kwenye kanga, kwenye kucha, kwenye unga. Nimelizoea hata silioni.

Pasaka ya sabini na tano nilikuwa na ndoo tatu hapo pembeni ya meko. Jumatano Bwana Shauri akatapika. Akawa anatoka udenda, anameza mate, anajificha nyuma ya debe la mahindi. Alhamisi nikafikiri kapata nafuu. Ijumaa Kuu akakataa kula, akawa amekaa tu kichwa chini juu ya bakuli la maji. Nilipomwinua nimfute nikaona puani na kwenye ndevu zake kuna unga wa njano.

Njano! Macho yakanitoka. Nani katika mstari wa juu ana maua yenye vitone vya njano katikati? Sikuhitaji kuambiwa.

Jumatatu ya Pasaka Bwana Shauri alikufa kwenye kanga yangu. Nililia kama mtoto. Halafu nikajifuta, nikavaa viatu, nikaenda kwa Rubeni.

Rubeni alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole asiyependa kesi za wanawake. Akanisikiliza huku akikuna kidevu, akaitisha kikao uani kwake Jumatano, siku ambayo Athumani, bwana mifugo wa kutoka Lushoto, anakuja kwenye josho. Nyumba zote kumi zilikuja. Kesi ya paka ilikuwa mpya, watu walileta vigoda kabisa.

Nikaeleza yote: kwamba nilimwona akitafuna, kwamba nilionya, kwamba maua yalifichwa, na ule unga wa njano. Nilieleza vizuri, hata mimi mwenyewe nilijiamini.

Rubeni akamgeukia bwana mifugo. "Mgosi, wewe umesoma. Hili ua linaua paka?"

Athumani akaligeuzageuza kopo moja ambalo Mwanaisha alikuwa amelileta. "Mimi nimefundishwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Paka hayumo kwenye masomo. Majani yanayoua ng'ombe nayajua, na hili silikumbuki kati ya hayo." Halafu akaniuliza, "Mama, na ndani mwako hakuna kitu kingine alichoweza kula? Dawa ya panya? Mimea mingine?"

Nikapandwa na hasira. "Ndani mwangu? Kwani mimi ndiye niliyehamia hapa na majani ya porini?"

Watu wakacheka, na bwana mifugo akaliweka kopo chini. Najua sasa kwamba lile lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Mwanaisha akasimama. Akachuma jani moja, akalitia mdomoni, akalitafuna mbele yetu mpaka likaisha. "Mnaona?" akasema. "Lina ladha ya maji tu."

"Mtu si paka," nikamjibu, na hapo wengi wakatikisa vichwa kukubali.

"Basi nitayatupa, Mama Kristofa. Yote saba. Leo hii." "Kama ndiyo yanayokuumiza, nitayatupa. Msinihamishe tu. Mtoto wangu kifua chake mnakisikia."

Kila mtu alikuwa anakisikia. Asha alikuwa anakohoa tangu walipofika, usiku na mchana, kikohozi cha kupiga mluzi. Hata Rubeni alinitazama kana kwamba ananiomba niseme yameisha.

Nilikuwa na uwezo wa kulimaliza pale pale. Badala yake nikasema, "Anayetupa makopo saba anaweza kuleta mengine saba. Mimi sitafuga paka mwingine nikiwa na mtu huyu dirishani."

Kikao kikaamua, kwa ajili ya amani ya mstari wa juu, kwamba Mwanaisha ahamie mstari wa chini.

Alihama siku mbili baadaye, kwenye manyunyu. Kristofa wangu, aliyekuja likizo, alimsaidia kubeba godoro, na nikamkaripia kwa hilo. Kopo moja lilimponyoka Mwanaisha mlangoni pake, udongo ukamwagika, na kabla hajainama Popi alikuwa ameshafika. Aliyala majani yote, yule mbwa, akabaki analamba kopo. Nikakaa siku tatu nikimchunguza Popi. Aibu kusema, lakini nusu ya moyo wangu ilikuwa inangoja afe, ili niwaite watu waone. Hakutapika hata mara moja. Siku ya nne aliiba mfupa kwa Rubeni.

"Mbwa ana tumbo la jiwe," nikamwambia Tobia.

Tobia akavuta kiko chake. Mwezi mzima huo alikuwa hasemi kitu.

Nyumba ya Mwanaisha ikawa stoo ya mbegu za viazi za kijiji. Mwenyewe nikawa nakutana naye njiani kutoka kwenye mashamba ya pamoja. "Shikamoo, Mama Kristofa." "Marahaba." Hakuwahi kuniruka. Mtu uliyemtendea vile akikusalimia kwa heshima, lazima umshuku, nami nilimshuku sana. Habari za mtoto sikuuliza. Usiku wa mwezi wa sita, baridi inapobana mpaka maji ya kwenye ndoo yanauma vidole, nilikuwa nikiwaza kule chini kwenye ukungu kukoje, halafu nageuka upande wa pili.

Mwishoni mwa mwaka Kristofa akaniletea paka mdogo wa kike kutoka Mombo, mwenye mabaka matatu. Nikamwita Tausi. Nilisema simpendi, kisha akaja kulala miguuni kwangu, basi.

Wiki ya Pasaka ya sabini na sita nilikata maua yangu kama kawaida, nikayapanga kwenye ndoo tatu pembeni ya meko. Jumatatu saa nne asubuhi nasikia hodi. Mwanaisha, na kikapu mkononi.

"Shikamoo, Mama Kristofa."

"Marahaba. Kuna nini?"

Alikuwa anaangalia ndani, juu ya bega langu. Nikausogeza mlango. "Naomba uniazime paka wako wiki hii moja," akasema. "Panya wamenizidi huko chini. Jumatatu ya Pasaka namrudisha mwenyewe."

"Paka wangu? Wewe?"

"Nitamtunza, mama."

"Kijiji kizima kina paka, umekuja kumtaka wa kwangu!"

Akainama, akakunja na kukunjua kamba ya kikapu. "Basi kama hutaki kunipa, wiki hii mlaze nje. Jikoni asikae. Nakuomba."

"Unanifundisha paka wangu alale wapi?"

"Hapana, mama." Halafu akaondoka.

Anamtaka paka wangu, na asipompata anataka alale nje! Nje kuna nini? Si kuna yeye? Nikamkamata Tausi, nikamfungia ndani. Mlango nikautia komeo, dirisha nikalifunga kwa kamba, na nikitoka naufunga kwa kufuli. Siku tatu yule paka hakuona jua. Nilimwekea samli kwenye ugali kumbembeleza. Nilijisifu hasa kwamba safari hii nimewahi.

Alhamisi Kuu narudi kutoka bombani, namkuta Tausi ametapika kwenye majivu. Udenda unamtoka. Puani njano.

Nilikaa chini sakafuni. Nikaanza, kwa mazoea, kutafuta nani. Mlango ulikuwa na kufuli. Kamba ya dirisha ilikuwa na fundo langu mwenyewe. Tobia? Ndiyo, nilimshuku Tobia kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, lakini Tobia alikuwa ameshuka Mombo na kabichi tangu Jumanne. Popi hana mikono. Nilibaki mimi na Tausi, na zile ndoo tatu.

Na nikiwa nimekaa hivyo, Tausi akajikongoja, akaenda kwenye ndoo kunywa maji. Akapitisha uso katikati ya yale maua. Akatoka na njano mpya shavuni, akaanza kujilamba.

Sikupiga kelele. Nilimbeba, nikamfuta uso wote kwa kitambaa cha maji, nikamtia kwenye kikapu. Kisha nikatoka, nikaenda kwenye ile stoo ya viazi. Pale mlangoni kopo lilipomwagika, kishina alichokiacha Popi kilikuwa kimechipua tena kwenye kivuli cha mawe, kina maua mawili ya zambarau. Nikachuchumaa, nikabonyeza kidole changu kwenye kile kitone cha njano. Nikasugua. Nikasugua tena kwa nguvu. Kidole kilitoka safi. Njano ya lile ua imefungiwa ndani yake kama punje kwenye ganda, haimwagiki.

Nikarudi ndani, nikagusa ua moja la Pasaka kwa kidole kile kile. Kikawa cha njano mpaka kwenye fundo, na nilipokipangusa kwenye kanga doa likabaki.

Nikaanza kuhesabu. Kabla ya Bwana Shauri nilikuwa na paka aliyekufa, nikasema nyoka. Kabla yake mwingine, nikamlaumu mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde kwamba katega sumu, na sikumsalimu mpaka alipofariki. Na wa kwanza kabisa, nikiwa mama kijana, nikasema wifi yangu kamroga. Kila mmoja nilimpatia mwuaji wake. Na wote wanne walikufa masika, nikiwa nafagia vumbi la njano jikoni, najiandaa kwa Bwana. Popi naye, nikakumbuka, mwaka mmoja alitafuna bua la ua la Pasaka, akatapika mara moja akapona. Mbwa linampita. Paka linammaliza.

Tausi alikufa Jumamosi asubuhi. Nilimzika chini ya mparachichi, kisha nikaenda jikoni, nikazichukua zile ndoo tatu, nikachimba shimo la pili.

Jumapili ya Pasaka madhabahu ilikuwa na matawi ya mkangaga na majani ya migomba tu. Watu waliimba huku wanageuzageuza shingo. Ibada ilipokwisha wanawake wakanizunguka uani: maua yako wapi, Mama Kristofa, au mvua ya mawe imeyapiga?

Nikawaambia. Nikamtafuta Rubeni kwa macho, nikapaza sauti ili na yeye asikie. "Paka wangu hawakuuawa na Mwanaisha. Waliuawa na maua yangu haya ya Pasaka, jikoni kwangu, kwa mkono wangu. Yale ya zambarau hayana kosa lolote. Popi kayala kopo zima, na nilimwona, na nilinyamaza."

Jenoveva, mwenzangu wa kupamba, akanong'ona, "Maua ya Bwana yanaua? Raheli, unajisikiaje?" Kuna aliyesema nimerogwa sasa kweli kweli. Rubeni akanivuta kando.

"Mama Kristofa, kikao kilishakwisha. Mwaka mzima umepita. Tuache."

"Hatuachi. Toa viazi ndani ya ile nyumba. Mrudishe yule mama juu, mtoto apate jua."

Akakuna kidevu. Mwishowe akasema viazi vitatolewa Jumanne, nimpelekee habari mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatatu nikateremka bondeni. Sikuwahi kufika mstari wa chini tangu ujengwe. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: kukisikia kile kikohozi kabla sijafika mlangoni, na kujua nimekifanya nini.

Mwanaisha alikuwa nje, anapika chini ya kibanda cha majani kisicho na kuta. Makopo sita yalikuwa yamepangwa kwenye gogo, yamechanua kupita kiasi. Unyevu wa kule ndio wanaoutaka. Paka wake wa kijivu alikuwa amelala katikati yao, na jani limemning'inia mdomoni.

"Shikamoo, Mama Kristofa. Karibu. Pole kwa paka."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nimekuona unakuja."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilianza kueleza, nikashindwa katikati, nikamwuliza tu, "Ulijua?"

"Nilishuku." Akakoroga chungu. "Mwaka jana wiki ile, nikipita kwenda bombani, nilimwona Bwana Shauri mlangoni pako anajisugua kwenye ndoo, uso wote njano. Baadaye nikasikia anatapika. Sikuwa na hakika. Ila mwaka huu nikaona nisikae kimya tena."

"Mbona hukusema kwenye kikao? Ulisimama pale ukatafuna jani, mbona hukusema?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza bila kuinamisha macho. "Ningesemaje, mama? Mimi mjane, mgeni, Mwislamu, nisimame mbele ya watu wiki ya Pasaka niseme maua ya kanisa lenu yanaua? Mngenihamisha kijiji, si mstari."

Ni kweli. Mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kusimama. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nikamwambia nimekosa, nikamwambia na habari njema niliyoibeba: Jumanne viazi vinatoka, nyumba ya juu ni yake tena, Asha apate jua lake.

Akamwita Asha, na mtoto akaja mbio kutoka kijitoni na ndoo ya maji kichwani, akapiga goti kuniamkia. "Shikamoo, bibi." Alikuwa amenenepa. Alikuwa amekimbia kilima chote kile na anahema kama mtoto yeyote.

"Kifua kimepona?" nikauliza.

"Tangu tumehamia huku hajalazwa," Mwanaisha akasema. "Mwambie balozi nashukuru sana, mama, lakini tutakaa hapa hapa."

"Kwenye ukungu huu?"

"Ukungu hauna neno. Kule juu nilikuwa napika ndani nimefunga mlango na dirisha, ili usione ninatia nini chunguni. Moshi wote alikuwa anaumeza yeye."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema huku ananimiminia uji kwenye bakuli, na akaninyooshea kwa mikono miwili.